SOMO LA UCHUMI: INCHI INAUZISHA NINI, INANUNUA NINI?

Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Wakisema inchi fulani ina upungufu wa 8 kwa mia, ni kusema nini?" Tujibu polepole.

1. Mama wa ndagala

Tuanze ku soko ya Uvira. Mama mmoja anauzisha ndagala, anapata 100 kwa juma, lakini anatumia 108. Zile 8 anazikopa. Jirani yake ana biashara kubwa, anapata 1 000. Naye akikopa 8, hata hasikii uzito. Deni ni sawasawa, mabega si sawasawa. Njo maana upungufu wa inchi unapimwa na pato lake lote, ndiyo jumla ya vitu na kazi za mwaka mmoja.

2. Mafungu ya hesabu

Katika hesabu ya inchi na ngambo kuna mafungu 4:
a) Vitu: shaba na kobalti zinatoka, mafuta na nguo vinaingia.
b) Kazi: kubeba mizigo, bima, safari.
c) Mapato: riba ya madeni na faida ya makampuni.
d) Misaada: kama feza ambayo ndugu aliye Ulaya anamtumia mama yake.

Angalieni vizuri: Congo inaweza kuuzisha vitu vingi kuliko inavyonunua, na bado ikapungukiwa. Sababu ni fungu b na c: wageni wanalipwa kwa kubeba mizigo, na faida ya migodi inakwenda kwa wenye makampuni.

3. Inchi mbili zilizoanguka

Mwaka 1967 zaïre moja ilikuwa sawa na dola 2. Serikali ilitegemea shaba, ikakopa kwa kazi kubwa kubwa. Mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka. Madeni hayakuanguka. Mwaka 1976 Zaïre ilikwenda Paris kuomba wadai waongeze muda.

Islandi ni inchi ndogo ya Ulaya, ya wavuvi kama sisi, yenye watu kama 300 000 wakati ule. Mwaka 2006 upungufu wake ulipita 15 kwa mia ya pato. Mabanki yalikopa ngambo bila kipimo. Oktoba 2008, mabanki makubwa 3 yalianguka katika juma moja, na feza yao ikapoteza karibu nusu ya bei. Vitu vya ngambo vikawa gali, watu wakapunguza kununua. Samaki na watalii wakaendelea kuleta feza, na baadaye inchi ikapata ziada.

4. Na sisi hapa?

Kukopa si kosa. Swali ni: deni limenunua nini? Mama akikopa kwa kununua wavu, wavu utalipa. Akikopa kwa karamu, nani atalipa?

Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama mwaka 1996 kwa ajili ya vita. Kila kilo ya sukari iliyokuwa inatoka kwa miwa yetu ikawa ya kununua ngambo. Njo upungufu wenyewe: hauanzi Kinshasa katika buku, unaanza katika shamba lililoachwa.

MASWALI
1. Andika vitu 5 vilivyo nyumbani kwenu. Ni vingapi vilitoka ngambo?
2. Zahabu ikivuka mpaka kwa siri, hesabu ya inchi itaonyesha nini?
3. Kwa nini bei ya shaba ilianguka lakini deni likabaki?