Dalili za Dawa za Kulevya kwa Ndugu Yako: Kutambua Bila Kupelelezana



Familia nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita zina kijana machimboni: Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, Kakola. Huko kuna bangi, gongo na mirungi. Wapo wanaovuta ili kuondoa woga wa kushuka duarani, na wapo wanaotafuna ili wakeshe kazini. Kisha kijana anarudi nyumbani, na mama anaona kuwa huyu si yule aliyeondoka.

Hukumu ya vilevi mmeisoma katika Suratul Maidah, aya ya 90, sitairudia. Linalosumbua wengi ni Suratul Hujurat, aya ya 12, tunapokatazwa dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Je, mdogo mtu anayemtazama kaka yake kwa wasiwasi ametenda dhambi? Nionavyo mimi, kuona lililo wazi mbele ya macho yako si kupeleleza. Kumtangaza kibarazani kabla hujazungumza naye, hilo ndilo la kuogopa.

Mlinganishe mtu na alivyokuwa mwenyewe zamani. Aliyekuwa mcheshi amekuwa mkali. Aliyekuwa akiamka Alfajiri sasa halali usiku na mchana haamki. Marafiki wa zamani amewaacha. Pesa haikai, na vitu vya ndani vinapotea kimoja kimoja. Bangi huleta macho mekundu, kusahau na njaa ya ghafla. Mirungi humfanya aongee sana, akose usingizi na hamu ya kula. Heroini, yaani unga, hufanya mboni za macho ziwe ndogo sana hata gizani. Mtu husinzia akiwa amesimama na kujikuna. Akiikosa hupatwa na arosto: kamasi, miayo, kuharisha, maumivu ya mwili mzima.

Hapa nawaomba mtulie, kwani kwetu sisi watu wa dhahabu kuna jambo ambalo vitabu vya mjini hulisahau. Mtu anayechoma dhahabu yenye zebaki huvuta mvuke wake, na mvuke huo unaweza kumletea kutetemeka mikono, hasira, usahaulifu na kukosa usingizi. Vumbi la mawe kwenye makarasha na kifua kikuu huleta kikohozi na kukonda. Kijana mwenye mikono inayotetemeka akaitwa mlevi mbele ya wajomba zake, kumbe ni zebaki, amedhulumiwa mara mbili: amekosa tiba na amevunjiwa heshima. Dalili moja haitoshi. Mwambie daktari kazi anayoifanya, apimwe.

Mwanafunzi, usimkabili kaka yako peke yako. Mweleze mama, baba mdogo au ustadhi unayemwamini, na useme ulichokiona tu: "Kaka halali siku tatu," wala usiseme, "Kaka anavuta." Mzazi naye achague saa ambayo kijana hajalewa, waketi wawili, bila hadhira. Kumfungia ndani au kumpiga hakuondoi arosto. Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Mwambieni mganga ukweli wa alichotumia. Kuficha aibu wakati huo kunaweza kumuua.

Msaada upo. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya simu 119, haina malipo. Kwa waliozama katika heroini kuna dawa iitwayo methadoni, ambayo Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na katika Kanda ya Ziwa hutolewa katika Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza. Hiyo si tiba ya bangi, mirungi wala gongo. Tena mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo kijana wa Geita au Kahama hawezi kwenda mara moja akarudi na chupa yake. Familia ikae mapema iamue: atafikia kwa nani Mwanza, nani atamlisha, na nani atamsindikiza kliniki katika zile wiki za mwanzo.