Mgeni njoo, mwenyeji apone: Fiqhi ya matembezi wakati wa maradhi

Kila sifa njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake tunaijua. Mgeni huja na neema. Siku akifika kuku huchinjwa, na mwenye nyumba naye siku hiyo hula vizuri. Lakini maradhi ya kuambukiza yanapoingia mjini, methali hii hugeuka ikawa suali. Je, mgeni akija, mwenyeji atapona kweli?

Nimeulizwa suali hili na vijana wa msikitini kila inaposikika habari ya maradhi mapya. Waliniuliza mwaka 2023 ilipotangazwa Marburg mkoani Kagera, wakauliza tena ilipozuka mara ya pili mwanzoni mwa 2025, na katikati yake kulikuwa na habari za mpox. "Ustadhi, tumeshapanga matembezi yetu. Twende au tusiende?" Leo nataka kulijibu kwa urefu, na sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Safari ya Unguja

Ilikuwa likizo ya Desemba 2020. Wakati ule hapa Tanzania takwimu za korona zilikuwa hazitolewi tangu mwisho wa Aprili, na Juni ilikuwa imetangazwa kwamba nchi haina tena ugonjwa huo. Huko Unguja ndege za watalii kutoka Urusi zilikuwa zikitua. Nikasema moyoni, kama wazungu wanakuja kutembea, mimi nina nini cha kunizuia? Nikachukua mke na watoto watatu, tukapanda boti hapa Dar es Salaam, safari ya saa mbili hivi, boti imejaa na madirisha yamefungwa. Haja yetu ilikuwa bahari ya Nungwi na mishikaki ya Forodhani. Hatukuwa na jingine.

Tulifikia kwa shangazi wa mke wangu. Mumewe alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mwenye maradhi ya sukari. Mimi nilikuwa na kikohozi kidogo tangu siku moja kabla ya safari. Nikasema ni mafua ya kiyoyozi. Tulikaa siku tano, tukalishwa, tukacheka, mzee akawafundisha watoto kucheza bao barazani. Tukarudi.

Haikupita wiki mbili mzee akaanza homa, kisha akawa hapati pumzi. Mwisho wa Januari 2021 tulirudi Unguja, mara hii kuzika. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Kipindi kile misiba ilikuwa mingi na watu walitumia maneno "changamoto ya kupumua". Siku zile zile chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad ameambukizwa korona, naye akafariki tarehe 17 Februari.

Sidai kwamba mimi ndiye niliyempelekea mzee wetu maradhi. Hatukupimwa, si yeye wala mimi. Huenda aliyapata sokoni au msikitini. Lakini siwezi pia kuapa kwamba si mimi. Nilipomwomba shangazi radhi, alinijibu kwa upole neno ambalo sijalisahau: "Nilikusikia ukikohoa pale mlangoni, mwanangu. Sasa ningekwambia nini, urudi?"

Ndugu msomaji, jibu la suali letu limo ndani ya neno lile.

Umar (RA) anageuza safari

Tuanze na dalili mashuhuri. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (SAW) alikataza kuingia katika nchi iliyozuka tauni, na akamkataza aliyemo ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Waislamu wengi tunaijua Hadithi hii. Ambalo hatulitazami sana ni mazingira ambayo ilisimuliwa.

Khalifa Umar bin Khattab (RA) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, akakutana na makamanda wake wakiongozwa na Abu Ubayda bin Jarrah (RA), wakampa habari kwamba tauni imeingia Sham. Umar hakukurupuka. Aliwaita Muhajirina akawataka ushauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakaafikiana kwamba arudi na watu wake. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza, je, hii si kuikimbia kadari ya Allah? Umar akamjibu kwa maana kwamba tunatoka katika kadari ya Allah na kwenda katika kadari ya Allah, kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kokote atakakolisha atakuwa amelisha kwa kadari ya Allah. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (RA), ambaye hakuwepo, akaisimulia Hadithi ile. Umar akamshukuru Allah, akageuza msafara.

Hapa pana nukta mbili. Kwanza, Umar alikuwa katika kazi ya Umma. Alikuwa khalifa anayekwenda kukagua nchi na majeshi, na hata hivyo alirudi. Ikiwa safari ya wajibu iligeuzwa njiani, safari ya kwenda kula mishikaki ina nguvu gani ya kutogeuzwa? Pili, hakuwaza nafsi yake peke yake. Hofu ya walioshauri arudi ilikuwa juu ya wale Masahaba aliokuwa nao.

Na katika zama zetu tumeona mfano wa namna hiyo. Hija ya mwaka 2019 ilikuwa na mahujaji karibu milioni mbili na nusu. Mwaka 2020 walihiji kama elfu moja tu, wote waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, na mwaka 2021 wakawa elfu sitini. Nguzo ya tano ya Uislamu ilipunguzwa kiasi hicho ili kulinda roho za watu, na mimi baina ya miaka hiyo miwili niliona vigumu kuahirisha Nungwi.

"Sisi hatukimbii, tunatembea tu"

Vijana waliosoma huja na hoja. Wanasema kilichokatazwa ni kutoka kwa kukimbia, na Imam Nawawi amenukuu kwamba wanazuoni wamekubaliana kuwa inajuzu kutoka kwa shughuli nyingine isiyokuwa kukimbia. Basi sisi hatukimbii, tunakwenda kutembea.

Hoja hii ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mfanyabiashara, mgonjwa anayefuata tiba na mwenye msiba hawafungiwi njia. Lakini kuvuka katazo moja si kuvuka makatazo yote. Liko katazo jingine, nalo ni la kudhuru. Mtume (SAW) ameweka msingi kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara, na katika Hadithi nyingine amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Tazama, ndugu yangu, amri hii inamwelekea nani. Hakuambiwa mwenye ngamia wazima awafukuze wagonjwa. Ameambiwa mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke.

Tena elimu ya tiba imetufunza kuhusu korona jambo ambalo mchunga ngamia hakuwa nalo. Mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajaona dalili yoyote, na wengine huambukiza bila ya kuumwa kabisa. Kwa hiyo "mimi mzima" si hoja ya kutosha. Na mafakihi wametuwekea kanuni kwamba kuzuia madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa. Matembezi ni mubaha, jambo la halali lisilo na amri wala katazo. Mubaha likipambana na roho ya mtu, halihitaji mjadala mrefu.

Wako pia wanaosema tumtegemee Allah tu. Hao nawakumbusha kwamba Mtume (SAW) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Na historia yetu ina onyo. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni, ameandika kwamba mwaka 833 Hijria, Cairo ilipokuwa ikipoteza watu chini ya arubaini kwa siku, watu walifunga siku tatu, kisha wakatoka wakakusanyika jangwani kuomba dua. Mwezi haukwisha ila wanaokufa walizidi elfu moja kwa siku. Ikiwa mkusanyiko wa dua haukuwa kinga, boti ya sikukuu itakuwaje?

Mwenyeji hana mdomo

Sasa nirudi kwa shangazi. Katika Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, Allah (SW) ametuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, na hilo ni safi zaidi kwetu. Sisi Waswahili tunaifanya aya hii kila siku tunapopiga hodi. Lakini tuambiane ukweli, nani kati yetu amewahi kupiga hodi kwa shangazi yake akaambiwa rudi? Nusu ya aya tunaitumia, nusu tumeiacha. Kwetu hodi ina jibu moja tu, nalo ni karibu. Mwenyeji akisikia kikohozi atanyamaza, atatandika kitanda, atapika. Ada imemfunga mdomo.

Kwa hiyo uamuzi wote unabaki kwa mgeni. Mtume (SAW) ameusia ukarimu wa siku tatu, na hapo hapo akasema kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Ikiwa kumtia dhiki ya chakula ni haramu, vipi kumtia dhiki ya pumzi? Mgeni wakati wa maradhi amebeba amana ya nyumba anayoiendea, na hakuna wa kumkumbusha ila nafsi yake.

Maswali ya kujiuliza

Kabla hujakata tiketi, jiulize haya. Kwanza, safari hii ni ya haja au ya raha? Usiipambe raha kwa jina la kuunga undugu. Mimi nilifanya hivyo. Pili, hali ikoje ninakotoka? Wengi huuliza habari za wanakokwenda tu, wakasahau kwamba huenda wao ndio wanaotoka penye maradhi. Tatu, ni nani atakayenifungulia mlango? Mzee, mwenye sukari, mwenye pumu, mama aliyejifungua? Nne, je, nimemwachia nafasi ya kukataa? Usimuulize "Tuje?", kwani jibu unalijua. Mwambie wewe, "Tumeahirisha mpaka hali itulie, inshallah." Hapo umembebea mzigo wa kusema hapana. Tano, je, iko namna nyepesi? Huenda inatosha kutembea ufukwe wa karibu, mahali pa wazi, na kulala nyumbani kwako.

Sisemi kila maradhi yakitajwa watu wajifungie. Marburg ya Kagera haikumzuia mtu wa Tanga kwenda Pangani. Wala sisahau kwamba mwenye boti, mpishi wa Forodhani na mfanyakazi wa hoteli wanaishi kwa wageni, na safari zikisimama nao hulala njaa. Maradhi yana mahali pake na muda wake, na wataalamu wapo wa kuulizwa. Ninachosema ni kwamba raha hungoja, mzee hangojei.

Julai 2021, Idd al-Hajj ilipokaribia na maradhi yamepanda tena, watoto walitaka twende Unguja kwenye viwanja vya sikukuu. Nikampigia shangazi simu kabla yeye hajanialika, nikamwambia hatutakuja mwaka huu, tukamtumia sikukuu yake kwa simu. Mtoto wangu mdogo alilia. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu." Nilielewa kwamba alikuwa akiingoja simu ile. Siku chache baadaye, tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo. Shangazi alichanja, nasi tukachanja, na tulikwenda mwaka uliofuata. Bao lipo pale pale barazani. Watoto walicheza wenyewe.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Maradhi mengine yatakuja, kwani hayo ni mambo ya dunia. Yatakapokuja, tukumbuke kwamba hodi yetu inaweza kuwa neema kwa aliye ndani, na inaweza kuwa msiba, na kwamba yeye hatatuambia.

Tunamuomba Allah (SW) amrehemu mzee wetu na wote waliotangulia katika maradhi yale, na atujaalie kuwa wageni ambao wenyeji wao hupona. Amin.

Wabillahi tawfiq.