Nguo Kuukuu Mbele ya Kamera

Swali: Tumeshona mavazi mapya kwa mitumba ya soko la Gikomba, tuyapige picha vipi yapate wanunuzi? (Wanafunzi wa mitindo, Nairobi)

Jibu: Wapendwa wanafunzi, madhali fahari ya vazi lenu ni kazi ya mkono iliyoigeuza, tuseme, suruali kuukuu ya jinzi kuwa koti, msifiche mishono wala viraka, bali pigeni picha asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa limeinama, kwa kuwa nuru ya ubavuni hudhihirisha kila uzi, ilhali jua la utosini huufifisha. Vito viwe haba, visije vikalifunika vazi. Nanyi, tafadhalini sana, msiwafanye wachuuzi wa sokoni pambo la picha pasi na idhini yao. Na chini ya kila picha andikeni bayana vazi lilikuwa nini kabla ya mkasi, maana mnunuzi ana haki ya kuijua asili yake.