Ukuta, Chombo na Komite

Wanafunzi, fungueni karta ya Ulaya. Tafuteni Uholanzi, upande wa kaskazini wa Ubelgiji. Sehemu kubwa ya nchi ile iko chini kuliko bahari. Maji hayaingii kwa sababu watu wamejenga kuta ndefu za udongo pwani na kando ya mito.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 tufani kali ilisukuma maji ya bahari kuelekea nchi. Wenye kazi ya kupima hali ya hewa waliona hatari, wakatoa habari. Lakini siku zile radio ilinyamaza usiku, na watu walikuwa wamelala. Habari iliwafikia wachache tu. Kuta zikabomoka, maji yakaingia vijijini gizani. Watu 1,836 walikufa.

Penye Nieuwerkerk aan den IJssel ukuta ulianza kutoboka, na nyuma yake walikaa watu wengi sana. Burgumestre akamwita Arie Evegroen, mwenye chombo cha mtoni, akamwomba azibe tundu kwa chombo chake. Evegroen hakukataa. Alikipeleka chombo mpaka penye tundu, kikakaa pale kama mlango. Ukuta ukashika.

Tunamsifu mtu hodari yule. Lakini je, nchi nzima yaweza kumtegemea mtu mmoja na chombo kimoja? Hapana. Mwezi wa Februari 1953 serikali ilichagua watu wenye elimu ya maji na ya kujenga. Wakaitwa Komite ya Delta. Wao hawakuchimba udongo. Kazi yao ilikuwa kuuliza: maji yaweza kupanda mpaka wapi? Ukuta gani ni dhaifu? Kazi gani itangulie? Kisha walitoa shauri kwa serikali: kuinua kuta, na kufunga njia za bahari zinazoingia ndani ya nchi. Mwaka 1958 shauri lao likawa sheria, na kazi ikaendelea mpaka 1997.

Kazi moja kubwa ni ukuta wa Oosterschelde, uliomalizika mwaka 1986. Una milango 62 ya chuma. Siku za utulivu milango i wazi, ili samaki wasikose maji ya chumvi. Tufani ikija, inafungwa.

Tena nchi imegawanywa katika sehemu 25 za usalama. Katika kila sehemu maburgumestre, polisi, wazima moto na waganga hupatana mbele ya hatari: nani atatoa habari, nani atawahamisha watu, nani atawatunza wagonjwa.

Wazee wetu wasema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Komite njema ndiyo jicho linalotafuta ufa wakati wengine wamelala.

Maswali
1. Kwa nini habari ya hatari haikuwafikia watu wengi?
2. Evegroen alifanya nini?
3. Komite ya Delta ilikuwa na kazi gani?
4. Mto ukijaa usiku kijijini kwenu, nani atawaamsha watu, nao watakimbilia wapi? Waulize wazazi wako.