Dondoo muhimu: Baiskeli ya kwanza ya triathloni

Mbio fupi za triathloni ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Hazihitaji baiskeli maalumu. Ya barabarani ya mtumba inatosha, mradi iwe saizi yako. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Fremu kubwa iache, hata ukipunguziwa bei.

Kwa mkazi wa Mbegani, pwani ya Bagamoyo, cha kuogopa zaidi ni chumvi ya bahari. Chomoa nguzo ya siti, mulika ndani ya bomba la fremu utafute kutu, kisha kagua spoku moja moja. Chagua tairi za milimita 28 au 32. Mchanga wa pembeni mwa lami ya Bagamoyo huteleza. Ukirudi kutoka kuendesha, suuza baiskeli kwa maji ya bomba, kausha, tia oili mnyororo.