BIDII YETU INAELEKEA WAPI?

Masomo: Waroma 10:1-3, Matayo 23:23, Luka 10:25-37



Katika kanisa letu la Kimbangu bidii haikosekani. Waimbaji wanajifunza nyimbo mpaka usiku. Fanfari inapiga tangu asubuhi. Wamama wanapiga pasi mavazi ya kijani na nyeupe. Na siku ya nsinsani kila kundi linataka kupita lingine kwa matoleo. Kwa hiyo yote tunamshukuru Mungu, kwa maana kanisa lisilo na bidii ni kama jiko lisilo na moto.

Lakini mtume Paulo anashuhudia kwamba ndugu zake walikuwa na bidii kwa Mungu, ila walikosa maarifa. Basi inawezekana mtu akimbie sana na asifike anapoitwa. Tujiulize leo: bidii yetu inaelekea wapi?

1. BIDII YA MWANZO

Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Alikamatwa tarehe 12 Septemba mwaka ule ule. Ndiyo kusema kazi yake ya wazi haikutimiza miezi sita. Katika muda huo mfupi alihubiri Yesu Kristo, aliombea wagonjwa, na aliagiza watu waache sanamu za uchawi, ndoa ya wake wengi na ngoma za aibu.

Mahakama ya askari huko Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu mapigo 120 na kifo. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Papa alikaa jela miaka 30 Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Wakati huo Mama Muilu Marie alichunga waamini kwa siri. Maelfu walihamishwa mbali na kwao, na kule walikotupwa wakapanda neno la Mungu. Watoto wao walipofukuzwa mashuleni, waamini walifungua shule zao wenyewe.

Tuangalie vizuri. Wakoloni waliweza kuondoa kila kitu cha nje. Waamini hawakuruhusiwa kukutana wala kuimba wazi. Kilichobaki mikononi mwao ni kile tunachokiita Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo Upendo, Amri na Kazi. Hayo ndiyo yaliyo makubwa. Kipimo chake ni hiki: siku ambapo mengine yote yameondolewa, hayo bado yanasimama.

2. SIKU MOJA YA NSINSANI

Hatuandiki haya kwa kuhukumu wengine. Tunajihukumu sisi mashemasi kwanza.

Baada ya mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 huko Kalehe, yaliyobomoa Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, mjane mmoja alifika kwetu Bukavu na watoto watatu. Siku ya Mungu alikuja kanisani, akakaa kwenye benchi la nyuma, akingojea tumwambie mahali pa kulala. Siku ile ilikuwa nsinsani. Wababa walipita wamama, wamama wakapita wababa, fanfari ikapiga, watu wakashangilia. Sisi mashemasi tulikuwa mezani tukihesabu franka. Kila mmoja wetu alimwona yule mama, na kila mmoja alisema moyoni, nitamwuliza baadaye.

Tulipomaliza kuhesabu, hakuwapo tena. Siku ya pili tulimtafuta, tukamkuta Kadutu kwa muuza makala mmoja, mama asiyesali katika kanisa lolote. Amewatandikia mkeka katika chumba chake kimoja. Tuliomba msamaha. Mjane akatujibu kwa upole kwamba watoto wamelala vizuri. Neno hilo lilituuma kuliko kama angetutukana.

Ndipo tulipofahamu mfano wa Msamaria. Kuhani na Mlawi hawakuwa wavivu. Labda walikuwa na haraka ya kazi ya hekalu.

3. TUPELEKE MOTO CHINI YA CHUNGU

Je, tuache nsinsani? Hapana. Kwa matoleo na mikono ya waamini shule na hospitali zimejengwa, na hekalu la Nkamba lilisimama mwaka wa 1981. Bwana Yesu aliwakemea Wafarisayo kwa sababu walitoa sehemu ya kumi ya majani ya mboga na kuacha haki, rehema na uaminifu. Hakusema waache kutoa. Alisema haya makubwa yasiachwe.

Vilevile tuangalie bidii ya mabishano. Baada ya mwaka wa 2001 maneno ya uongozi yaligawanya kanisa letu, na kuna jamaa ambamo ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Nani aliyeokoka kwa mabishano hayo?

Februari 2025 vita vilipoingia mji wetu, benki zilifunga milango na watu wengi walikosa hata pesa ya unga. Siku zile hakuna aliyeuliza kundi gani lilishinda nsinsani. Watu waliuliza: nani ana kikombe cha maharagwe?

Basi katika parokia yetu tumekubaliana hivi: kabla ya nsinsani kuanza, mashemasi wapite kwanza benchi kwa benchi, kuuliza nani mgonjwa, nani mgeni, nani hakula. Hesabu ya franka itangoja. Moto ni ule ule, lakini sasa tunataka uwe chini ya chungu, watoto wale.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kama mavazi, fanfari na jengo vingeondolewa kesho, nini kingebaki katika imani yako?
2. Ni nani anayekaa benchi la nyuma, na hujamwuliza jina lake?
3. Ni ndugu gani hamsalimiani? Utamwendea siku gani?

Mungu Baba yetu atupe bidii yenye maarifa. Amina.