TAIRI LA GARI NA MAISHA YAKE MAWILI

Somo letu la leo lahusu kitu ambacho kila mtu hukiona lakini ni wachache wakitazamao, yaani tairi la gari. Lamhusu dereva, na mwenye gari, na fundi. Lamhusu vile vile abiria wa matatu, na mama aendaye sokoni kwa miguu, na mtoto avukaye barabara kwenda shule. Maana tairi likishindwa kazi, hasara haimfiki mwenye gari peke yake. Twamwomba kila asomaye habari hizi amsomee na jirani asiyejua kusoma.

Neno tutakalolieleza ni moja: tairi lina maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya barabarani, nayo yana mwisho ulio wazi. Maisha ya pili ni ya nyumbani, shambani na katika karakana, nayo yaweza kuwa marefu kuliko ya kwanza. Hatari huja pale mtu anapoyachanganya, akalilazimisha tairi lililokwisha liendelee kubeba watu.

1. UPEPO NDIO UBEBAO MZIGO

Magurudumu ya kale yalikuwa ya mbao yaliyovikwa chuma, na baadaye yakavikwa mpira mgumu usio na upepo ndani. Katika mwaka 1845 Mskochi mmoja, Robert William Thomson, alipewa hati ya kutambuliwa kuwa mvumbuzi wa gurudumu la upepo, lakini watu hawakulitumia sana, likasahauliwa. Kisha katika mwaka 1888 Mskochi mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipata hati ya namna hiyo hiyo baada ya kuvika mipira ya upepo kwenye baiskeli ya mtoto wake yenye magurudumu matatu. Tangu hapo tairi la upepo likaenea ulimwenguni.

Habari hii ina mafundisho. Kiubebacho mzigo wa gari ni upepo uliofungiwa ndani. Mpira ni chombo cha kuuhifadhi. Upepo ukipungua, mbavu za tairi hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, nazo hupata moto. Gari likiwa limejaa watu na mizigo, na jua likiwa kali, na mwendo ukiwa wa kasi, moto huo huzidi mpaka tairi likapasuka. Upepo ukizidi kipimo nao ni hatari, kwa sababu tairi huvimba katikati, likagusa barabara kwa sehemu ndogo tu.

Kipimo kilicho sawa huandikwa na watengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Yafaa upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, maana likiisha kwenda mwendo mrefu upepo hutanuka kwa joto na kipimo hudanganya. Kupiga tairi teke si kupima. Pima kwa kipima upepo walau mara moja kwa mwezi, na kila unapokusudia safari ndefu. Wala usilisahau tairi la akiba.

2. VIGANJA VINNE

Sasa tazama gari dogo lililosimama. Sehemu ya kila tairi iguzayo ardhi haizidi sana kiganja cha mkono wa mtu mzima. Basi gari zima pamoja na watu waliomo hushikamana na barabara kwa viganja vinne tu. Kuondoka, kupiga kona na kusimama, yote hufanywa na viganja hivyo.

Watu husema kwamba breki ndizo zisimamishazo gari. Neno hilo ni nusu ya kweli. Breki husimamisha gurudumu, lakini kisimamishacho gari ni kule kushikana kwa tairi na barabara. Mtu aweza kutia breki mpya kabisa, lakini tairi likiwa na kipara na barabara ikiwa imelowa, gurudumu litasimama na gari litaendelea kuteleza.

Ndiyo maana tairi huchongwa mifereji, ambayo madereva wengine huiita kashata. Kazi ya mifereji hiyo ni kuyatoa maji chini ya tairi ili mpira upate kuigusa lami. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kupita. Tairi huinuliwa juu ya maji kama mtumbwi, na dereva huuzungusha usukani bila gari kumtii. Tena mvua ya kwanza baada ya kiangazi ina utelezi kupita kiasi, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani.

3. HESABU YA KUSIMAMA

Dereva anapoona hatari, mguu wake haufiki kwenye breki papo hapo. Dereva mwangalifu hutumia kama sekunde 1 kuona, kuamua na kukanyaga, na wakati huo gari lazidi kwenda kwa kasi ile ile. Ndipo breki huanza kazi. Hesabu zifuatazo ni za gari dogo lenye matairi mazima, katika lami kavu iliyo tambarare:

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari huenda mita 14 kabla ya breki kukanyagwa, na mita 14 nyingine kabla ya kusimama. Jumla ni mita 28.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ni mita 22 na mita 36. Jumla ni mita 58.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ni mita 28 na mita 56. Jumla ni mita 84, si pungufu sana kuliko urefu wa uwanja wa mpira.

Angalia kwamba mwendo ulipozidi mara mbili, kutoka 50 hadi 100, mahali pa kusimamia hapakuzidi mara mbili. Mita 14 za breki zimekuwa 56, yaani mara nne. Hiyo ndiyo kanuni: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ambayo breki zapaswa kuizima huwa mara nne. Lami ikilowa, mita za breki zaweza kuzidi maradufu, na kwa tairi lenye kipara huzidi hata zaidi ya hapo. Mtoto akitokea ghafula mita 40 mbele ya gari, dereva wa kilomita 50 humwogopesha. Dereva wa kilomita 80 humgonga.

Kwa hiyo weka nafasi kati yako na gari lililo mbele. Chagua alama, kama mti au nguzo. Gari la mbele likiipita, anza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukiifikia alama kabla ya kumaliza, u karibu mno. Wakati wa mvua hesabu mpaka nne.

4. NAMNA YA KUKANYAGA BREKI

Gurudumu lililogandishwa kwa breki haliwezi kuongozwa na usukani. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo uzuiao magurudumu yasigande, ujulikanao kwa herufi ABS. Mwenye gari la namna hii, hatari ikimfika, na akanyage kwa nguvu bila kuachia, huku akiongoza usukani. Kanyagio likitetemeka chini ya mguu asishtuke, ndiyo kazi ya mtambo huo. Mwenye gari lisilo na mtambo huo na alegeze mguu kidogo mara magurudumu yanapoganda, kisha akanyage tena.

Katika mteremko mrefu iko hatari nyingine. Katika barabara iendayo Eldoret kutoka Nakuru uko mteremko wa Salgaa, ambao umejulikana nchini Kenya kote kwa ajali za malori. Baadhi ya madereva wana desturi ya kutoa gia katika miteremko, ili gari liserereke lenyewe wapate kuokoa mafuta. Hapo uzito wote huangukia breki peke yake. Breki hupata moto, na zikiisha kupata moto mwingi hazishiki tena, hata mguu ukikanyaga mpaka sakafuni. Dereva mwenye akili hutia gia ndogo angali juu ya mteremko, akaiacha injini imsaidie kulizuia gari. Mafuta yaliyookolewa kwa kutoa gia ni ya shilingi chache. Roho za watu haziuzwi dukani.

5. DALILI ZA MWISHO WA MAISHA YA KWANZA

Tairi jipya la gari dogo lina mifereji yenye kina cha kama milimita 8. Ndani ya mifereji hiyo watengenezaji huweka vinundu vidogo vya mpira, vyenye kimo cha milimita 1.6. Sehemu ya juu ya tairi ikiisha kulika mpaka ikalingana na vinundu hivyo, maisha ya barabarani yamekwisha. Katika nchi za Ulaya sheria hukataza gari dogo kutembea na tairi lililolika kupita hapo.

Tairi husema pia limelika kwa sababu gani. Likilika kando zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, upepo ulikuwa mwingi. Likilika upande mmoja tu, magurudumu hayakunyoka, na fundi hana budi kuyarekebisha. Ukiona uvimbe ubavuni, au ufa, au nyuzi zimetokeza, tairi hilo litolewe siku hiyo hiyo.

Umri nao hutazamwa. Ubavuni, mwisho wa maandishi yaanzayo kwa herufi DOT, zimo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira hukauka na kupasuka hata ukikaa bure, kwa hiyo anunuaye tairi lililokwisha kutumika na asome tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha.

Tena jihadhari na tairi lenye kipara lililochongwa mifereji mipya kwa kisu. Kwa macho ni jipya, lakini mpira uliobaki ni mwembamba kama ngozi. Yako matairi ya malori yaliyotengenezwa yapate kuchongwa tena, nayo yameandikwa hivyo ubavuni; yasiyoandikwa yasichongwe. Jambo hili ni mbali na kuvika tairi la lori mpira mpya kiwandani, ambayo ni kazi halali ikifanywa na wenye ujuzi.

Na abiria asione haya. Kabla ya kupanda matatu, ayatazame matairi. Akiona kipara, angoje gari jingine.

6. MAISHA YA PILI

Wengi huchelewa kulitoa tairi kwa sababu huona ni hasara kulitupa. Lakini nani amesema litupwe? Katika soko la Gikomba huko Nairobi, na katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, mafundi hulikata wakashona viatu vya akala, ambavyo Tanganyika ya zamani na Tanzania ya leo huitwa katambuga. Soli hukatwa katika uso wa tairi, na mikanda katika tyubu au tabaka jembamba. Kiatu hicho hakiogopi miiba wala matope. Tyubu hukatwa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Tairi la trekta likipasuliwa huwa chombo cha kunyweshea ng'ombe. Matairi yaliyojazwa udongo na kupangwa ngazi kwa ngazi huzuia udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua. Na tairi likitundikwa mtini kwa kamba imara, watoto wa shule wana bembea.

Walakini maisha haya ya pili nayo yana sharti mbili. Ya kwanza, usichome tairi, hata kwa kuota moto au kupata nyaya za chuma, maana moshi wake ni sumu kwa mapafu. Ya pili, usiliache uani likakusanya maji. Maji kidogo ndani ya tairi ni kitalu cha mbu aina ya Aedes, aumaye mchana, na kwa muda wa siku saba hadi kumi mayai huwa mbu wenye mabawa. Mbu huyo ndiye aenezaye homa ya dengue, iliyoupata mji wa Mombasa katika mwaka 2013, na chikungunya, iliyoupata mji huo kati ya 2017 na 2018. Jina la ugonjwa huu wa pili latokana na lugha ya Kimakonde, nalo laeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Basi tairi lisilo na kazi liwekwe chini ya paa, au litobolewe matundu, au lijazwe udongo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini upepo wa tairi hupimwa asubuhi?
2. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa katika lami kavu lahitaji mita ngapi kusimama? Na mvua ikinyesha?
3. Tairi limelika kando zote mbili. Kosa ni nini?
4. Dereva atia gia gani anapofika juu ya mteremko mrefu, na kwa nini?
5. Nenda ukatazame uani kwako. Je, liko tairi lenye maji? Utalifanyia nini leo?